Nani Anapima Hewa ya Bahari Yetu?

Najua jarida hili likiwafikia kwanza mnatafuta habari za viza, za ada, na za nani kaoa nani. Leo naomba kurasa chache nizungumzie jambo ambalo hata jamaa ninayeishi naye aliposikia alisema, "Bwana wee, huo unyevu wako utalala nao mwenyewe." Jambo lenyewe ni unyevu wa hewa juu ya bahari, na jinsi setilaiti zinavyoukadiria. Msifunge jarida. Jambo hili linahusu mvua ya kwenu nyumbani, na linatuhusu sisi tuliokuja huku kusoma, tena kwa namna ambayo si ya kujisifia.

Muhula uliopita nilihudhuria semina moja. Mtoa mada alionyesha ramani ya dunia, bahari zote zimepakwa rangi kuonyesha unyevu wa hewa mita chache juu ya maji. Ramani nzuri, haina pengo hata moja. Kisha akaonyesha ya pili, yenye vitone vyeusi mahali ambapo vipimo vya meli na maboya vilitumika kuihakiki ile ya kwanza. Atlantiki ya Kaskazini ilikuwa nyeusi tii, kama siafu waliovamia mzoga. Pasifiki ya ikweta ilikuwa na mistari yake iliyonyooka ya maboya. Nikatafuta kwetu, kuanzia pwani ya Somalia kushuka mpaka Msumbiji. Vitone vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole.

Nikanyoosha mkono nikauliza: kama hapa hamna vipimo, rangi imetoka wapi? Akajibu bila kusita kwamba fomula inajaza. Akaendelea na slaidi nyingine. Hakuwa na nia mbaya, na jibu lake ni sahihi kabisa. Lakini nilirudi nyumbani maneno yale yakinizunguka kichwani. Fomula inajaza.

Hoja yangu ni hii. Setilaiti haipimi unyevu wa hewa tunayoivuta tukiwa baharini. Inaukisia, na inaukisia kwa kanuni iliyofunzwa zaidi na bahari za watu wengine. Tusipopima sisi, tutaendelea kukisiwa. Na sisi wasomi wa ughaibuni tumo katika lawama hiyo, mimi nikiwa wa kwanza.

Unyevu huu una kazi gani?

Mvua kabla ya kushuka huwa imepanda kwanza. Sehemu kubwa ya maji yanayoshuka kwetu wakati wa vuli na masika yamepanda kutoka Bahari ya Hindi, yakabebwa na upepo hadi bara. Kwa hiyo anayetaka kuielewa mvua ya Dodoma, Machakos au Baidoa hana budi kujua bahari inatoa mvuke kiasi gani.

Kukokotoa mvuke huo si uchawi. Unahitaji mambo matatu: kasi ya upepo, kiasi cha mvuke katika hewa inayogusa maji (ambacho unakijua ukijua joto la maji), na kiasi cha mvuke katika hewa iliyo mita kama 10 hivi juu. Unachukua tofauti ya hivyo viwili vya mwisho, unazidisha na kasi ya upepo na tarakimu nyingine chache, basi.

Tufanye hesabu ya haraka. Chukua bahari yenye joto la nyuzi 28, kama ilivyo kwetu wakati wa kaskazi. Hewa inayogusa maji hayo hubeba gramu kama 23 za mvuke katika kila kilo moja ya hewa. Tuseme hewa ya juu kidogo ina gramu 18, na upepo ni mita 6 kwa sekunde. Tofauti ni gramu 5, na bahari itapoteza maji ya kina cha milimita 3 na nusu hivi kwa siku. Sasa tuseme umekosea gramu moja tu: badala ya 18 umeandika 19. Tofauti imekuwa 4. Mvuke wote umepungua kwa moja ya tano, yaani karibu milimita 0.7 kwa siku. Ni kidogo? Katika kilomita moja ya mraba hizo ni tani 700 za maji kila siku. Zidisha mwenyewe kwa ukubwa wa bahari iliyoko kati ya Mombasa na Shelisheli.

Katika mambo yale matatu, setilaiti zinajitahidi sana kwenye mawili. Joto la uso wa bahari linasomeka vizuri, na kasi ya upepo pia, kwa jinsi upepo unavyoukwaruza uso wa maji. Mguu unaochechemea ni huu wa tatu, unyevu wa hewa iliyo karibu na maji.

Setilaiti inaona nini hasa?

Hapa nitavaa kofia ya uhandisi kidogo. Mvuke wa maji hutoa mawimbi hafifu ya redio, na yanaongezeka kwenye masafa ya gigahezi 22 na kitu. Setilaiti ikipita juu ikiwa na kipokezi cha masafa hayo, inasikia huo mnong'ono. Bahari yenyewe haitoi mawimbi hayo vizuri. Inatoa karibu nusu tu ya yale ambayo kitu cheusi kabisa chenye joto lilelile kingetoa. Kwa hiyo bahari inakuwa kama ukuta mweusi, na mvuke unang'aa mbele yake kama taa. Nchi kavu inatoa karibu yote, ikawa kama kuwasha mshumaa juani. Ndiyo maana kazi hii inafanyika vizuri baharini kuliko bara. Mawingu ya kawaida hayazuii. Mvua kubwa ndiyo inayoharibu.

Vyombo vya aina hii vilianza kuruka kwa maana mwaka 1978, kwenye setilaiti za Seasat na Nimbus-7. Kuanzia mwaka 1987 vilikuja vile vya SSM/I kwenye setilaiti za jeshi la Marekani, ambavyo ndivyo vilivyotupa kumbukumbu ndefu ya miaka mfululizo. Mwaka 1997 ikaja TRMM, mwaka 2002 AMSR-E ya Wajapani, na mwaka 2012 mrithi wake AMSR2. Kwa hiyo tuna zaidi ya miaka 35 ya data, na sehemu kubwa ni ya bure kwa yeyote mwenye intaneti.

Tatizo ni kwamba kipokezi kinasikia mvuke wote kwa pamoja, kuanzia usawa wa bahari mpaka juu angani. Kinakupa jumla. Ukiukamua mvuke wote ulio juu ya bahari ya tropiki, utapata maji ya kina cha sentimita 5 hivi. Hiyo jumla inapimwa vizuri kweli, sina ugomvi nayo. Lakini sisi hatutaki jumla. Tunataka mita 10 za chini.

Fikiria bweni la ghorofa tano. Mlinzi anakuambia ndani wamo wanafunzi 100. Ghorofa ya chini wako wangapi? Hujui. Lakini kama ulishawahi kuhesabu kila ghorofa katika mabweni mengi, unaweza kukisia: kwa kawaida wakiwa 100, chini huwa 40. Ndivyo alivyofanya W. Timothy Liu mwaka 1986. Alichukua vipimo vya maputo ya hali ya hewa yaliyorushwa kwa miaka mingi kutoka visiwa vidogo na meli, akatafuta uhusiano kati ya jumla ya mvuke na unyevu wa chini, akaupata. Kwa wastani wa mwezi mzima kanuni yake inafanya kazi vizuri sana, na mlango ulifunguliwa. Waliomfuata wameongeza mbinu juu ya mbinu: Wajerumani wa HOAPS, Wajapani wa J-OFURO, na wengineo. Siku hizi wengi wanafundisha kompyuta zijitafutie uhusiano huo zenyewe.

Lakini bweni si lazima lifuate kawaida. Siku kuna harusi, watu wote 100 wako chini. Siku kuna fainali ya kombe, wote wako juu kwenye televisheni. Mlinzi anasema palepale 100.

Kwetu harusi ni nyingi

Bahari yetu ni bahari ya pepo mbili, kaskazi na kusi, na kila moja ina tabia zake. Wenzetu mlioko Muscat na Dubai mnajua hewa ya kiangazi ilivyo: ukitoka nje miwani inapiga ukungu. Lakini panda juu kidogo ya hewa hiyo ya bahari utakuta hewa ya jangwani, ya moto na kavu. Unyevu wote umebanwa chini kama watu wa harusini. Jumla inaweza kuwa ya wastani tu, na kanuni ikakisia kwamba chini nako ni wastani, huku nyinyi shati limeganda mgongoni.

Nenda pwani ya Somalia wakati wa kusi. Huko upepo ni mkali sana. Mkondo wake wa anga ulielezwa na J. Findlater mwaka 1969, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Upepo huo unasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi yanapanda kutoka chini; kuna mahali joto la bahari linashuka chini ya nyuzi 20, tena karibu na ikweta! Hewa ya joto inapita juu ya maji baridi, tabaka la chini linatulia, na uhusiano wa jumla na sehemu unabadilika kabisa. Anayetegemea kanuni iliyofunzwa kwenye visiwa vya Pasifiki, hapo anapiga ramli.

Halafu kuna suala la ufuo. Kitone kimoja cha setilaiti hizi si kidogo. Kwa zile za zamani kilikuwa na upana wa makumi ya kilomita, na kikigusa nchi kavu kinatupwa, kwa sababu ya ule mshumaa juani niliousema. Sasa kumbuka mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara, mahali pengine hauzidi kilomita 40. Hapo maikrowevu haioni kitu cha maana. Yaani maji ambayo boti zetu hupita kila siku, ambako wavuvi wetu wako usiku na mchana, ndiyo ambayo setilaiti inayarukia.

Nasikia mtaalamu mmoja akiguna: vipo vyombo vinavyogawa unyevu kwa matabaka. Kweli vipo. Megha-Tropiques ya India na Ufaransa ilirushwa mwaka 2011 kwa ajili ya tropiki hasa, na vipo vya miale ya infraredi kama AIRS na IASI. Vinasaidia. Ila vya infraredi vinazibwa na mawingu, na vyote vinapofika kwenye tabaka la chini kabisa macho yanaanza kufifia. Mwisho wa siku, vyote vinahakikiwa kwa mtu aliye chini na kipimo chake mkononi. Hata kompyuta inayojifunza haijui ambacho haikufundishwa.

Kwa nini kwetu hakuna vitone?

Si kwamba hakuna aliyewahi kufikiria. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kimataifa wa maboya ya Bahari ya Hindi unaoitwa RAMA. Ulipangwa kuwa na maboya 46, na yale ya juu ya maji yanapima upepo, joto na unyevu wa hewa, mvua na miale ya jua. Kazi kubwa na nzuri. Lakini upande wa magharibi ulichelewa kwa sababu ya maharamia wa Kisomali. Meli za utafiti hazikuthubutu kuingia. Hata meli za biashara ambazo kwa kujitolea hupima hali ya hewa na kuripoti zilikwepa eneo hilo au zilinyamaza, maana ripoti inatangaza mahali ulipo. Kuna pia wavuvi wanaofunga vyombo vyao kwenye maboya na kuyaharibu. Na hata mpango wenyewe, mstari wake wa magharibi uliwekwa longitudo 55, huko Shelisheli. Kutoka hapo mpaka Mombasa ni karibu kilomita 1,700 za bahari tupu.

Basi bahari ikabaki na watu, boti, dau na vivuko, lakini haina vipimo. Ni kama kijiji chenye zahanati isiyo na daftari.

Mtaniambia: nchi zetu zina shida nyingine, watoto hawana madawati, wewe unaleta habari za maboya. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Lakini tukumbuke mvua zimetufanyia nini. Mwaka 1961 na 1997 vuli ilifurika. Mwaka 2019 ikafurika tena, na mwaka 2023 tena. Miaka hiyo yote upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukapoa, hali iliyoelezwa na Saji na wenzake mwaka 1999. Katikati hapo, kuanzia mwishoni mwa 2020 mpaka mwishoni mwa 2022, Somalia, Ethiopia na Kenya zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Sisemi kwamba fomula ndiyo iliyoleta mafuriko au ukame. Ninachosema ni kwamba mifumo inayotabiri misimu hiyo inapimwa na kurekebishwa kwa makadirio haya ya mvuke wa bahari. Kama makadirio yana kasoro hasa kwenye bahari yetu, anayelipa si mtaalamu wa Hamburg wala wa Tokyo. Anayelipa ni mkulima aliyepanda mapema kwa sababu redio ilisema vuli itawahi.

Tusidanganywe na roketi

Kuna furaha nyingine inayonitia wasiwasi. Mwezi Aprili 2023 Kenya ilirushiwa Taifa-1, na wengi wetu tulikesha kuangalia roketi. Nami nilikesha, nilipiga makofi. Lakini anga si ngeni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Jina letu lilipaa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Lakini ukiuliza leo unyevu wa hewa ya bahari ile ya Malindi, jibu linatoka kwenye fomula.

Katika mnyororo huu wote, setilaiti si kiungo dhaifu. Kiungo dhaifu ni kipimo cha chini, tena ndicho cha bei nafuu. Wengi wetu tulikuwa nacho shuleni! Mnakikumbuka kile kisanduku cheupe cha jiografia chenye mbao za kupitisha hewa, ndani vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimefungwa kitambaa kilicholowa? Kwenye shule yangu kilikuwa makao makuu ya nyigu. Tulijibu mitihani juu yake, tukapata alama, na hakuna aliyekifungua. Hiyo ndiyo elimu tuliyobeba mpaka huku.

Sisi wenyewe

Sasa nijiseme. Nimetumia miaka miwili ya kwanza ya masomo yangu kurekebisha kanuni ya kukadiria unyevu kwenye Atlantiki ya Kaskazini. Si kwamba naipenda Atlantiki. Sijawahi hata kuoga humo, ni baridi. Sababu ni kwamba huko kuna vipimo vya kuhakiki. Bila vipimo vya kuhakiki huwezi kuandika makala, bila makala hupati shahada, na bila shahada hujui utamwambia nini baba aliyeuza shamba. Mtego wenyewe umekaa hivyo. Bahari isiyopimwa haifanyiwi utafiti, na kwa sababu haifanyiwi utafiti hakuna anayeona haja ya kuipima. Sisi watoto wa bahari hiyo tunaongeza vitone juu ya vitone kule kulikojaa.

Simlaumu msimamizi wangu. Yeye anataka nimalize. Lakini mwaka huu nimemwomba sura moja ya tasnifu iwe ya magharibi ya Bahari ya Hindi, hata kama matokeo yake yatakuwa "hapa kanuni inakosea na hatujui kwa kiasi gani". Amekubali, shingo upande, na amenionya kwamba huenda nikachelewa muhula mmoja. Nimepiga hesabu ya kodi ya nyumba, nimemeza mate, nimekubali.

Nawaomba wenzangu mambo matatu.

La kwanza, mnaosoma sayansi, uhandisi, hisabati au kompyuta, mkipewa nafasi ya kuchagua eneo la utafiti, ulizeni kama linaweza kuwa kwetu. Data za AMSR2, za maboya ya RAMA na za meli ni za bure. Sura moja tu inatosha kuanzia. Ikitoka pengo, liandikeni pengo. Pengo lililoandikwa lina heshima kuliko rangi iliyojazwa.

La pili, mnaorudi likizo, pitieni idara ya hali ya hewa ya nchi yenu. Nendeni kwa adabu, msiende kufundisha. Waulizeni wana daftari gani za zamani za pwani na visiwani ambazo hazijaingizwa kwenye kompyuta. Kuchapa namba mwezi mmoja kunaweza kuwa mchango mkubwa kuliko makala tatu za Atlantiki.

La tatu ni la wahandisi wenzangu. Vivuko na boti zinazokwenda Unguja, Pemba, Mafia na Lamu ni meli za utafiti ambazo hazijajijua. Kihisi cha unyevu siku hizi ni cha bei ya chakula cha jioni. Shida yake ni kwamba chumvi ya bahari inakiharibu na taratibu kinaanza kusema uongo, kwa hiyo lazima kihakikiwe mara kwa mara. Na dawa yake iko jikoni. Weka chumvi ya mezani kwenye chupa, tia maji kidogo tu iwe uji mzito, funga kihisi humo ndani bila kugusa uji, acha usiku kucha. Kwenye joto la chumbani hewa ya ndani itakaa kwenye asilimia 75 na nukta, siku zote. Kihisi kikisema 81 unajua kimekosea 6. Mtu yeyote wa darasa la saba anaweza kufanya hivyo. Kinachobaki ni kukikinga na jua, kukiweka mbali na joto la injini na moshi wa jikoni la meli, na kuandika urefu wake kutoka majini.

Najua kihisi kimoja kwenye boti hakitabadilisha ramani ya dunia. Lakini kitaweka kitone cheusi kimoja pale ambapo leo hakuna, na kwenye mkondo ambao setilaiti haiuoni kabisa. Kumi vitaweka mstari. Mstari ukiwa na miaka mitano, mtu wa Hamburg atautafuta mwenyewe.

Mimi nimeshapata vihisi vinne na nimeanza kuvipima jikoni kwangu. Jamaa ninayeishi naye amelalamika kuhusu chupa. Natafuta wawili watatu wenye ndugu au rafiki anayefanya kazi kwenye boti za pwani, na mmoja anayejua programu za kutuma namba kwa simu. Aliye tayari anione baada ya mkutano wa chama. Chumvi nitanunua mimi.